Omena Mbichi Haikusanywi

Watu wakisikia kwamba nilifundisha baleti mjini Migori, mtaa wa Suna, wanacheka kwanza ndipo waulize. Ningependa waulize kwanza. Nimechoka kungoja watu wamalize kucheka ndipo nianze kusema, na hata sasa ninapoandika haya nina hasira, ingawa yule niliyemkasirikia mwanzoni siye ninayemkasirikia leo.

Baleti sikuisomea. Niliitazama. Kwa miaka sita nilikuwa yaya Nairobi, nikilea mtoto wa watu, na kila Jumanne na Alhamisi alasiri nilimpeleka mtoto huyo kwenye darasa la densi. Mayaya hatukuruhusiwa kuingia ukumbini. Tuliketi kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa kioo, tumepakata viatu vya watoto. Wenzangu walikuwa kwenye simu zao. Mimi nilitazama. Nilitazama mpaka mwalimu wa ndani akaanza kunikunjia uso, na wiki iliyofuata tukakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo, nusu yote ya chini, eti watoto wasibabaishwe. Basi nikawa natazama kwenye nusu ya juu, nimesimama. Nyumbani, wenye nyumba wakiwa kazini, nilirudia kila kitu jikoni, mkono mmoja nimeshika ukingo wa sinki. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu tayari. Mwili ulikubali ulichokubali.

Hatua za baleti zina majina ya Kifaransa. Niliyasikia yakipita chini ya mlango, nikayaandika kama masikio yalivyoyapokea, na yakanitoka upesi kuliko yalivyoingia. Kilichobaki ni hatua zenyewe. Sasa mtu ukiwa na kitu mkononi na hukijui jina, unakiita kwa kile kinachofanana nacho. Ndivyo majina yetu yalivyoanza. Haukuwa ubunifu, ilikuwa shida.

Mtoto wa watu alipokua hawakunihitaji tena. Nikarudi Suna, nikafungua kibanda cha cherehani, nikawa nashona sare za shule. Wasichana waliokuja kupimwa sketi nilikuwa nawaambia wasimame wima, mabega chini, shingo ndefu, na mmoja akaniuliza nilijifunza wapi kusimama hivyo. Nikamwonyesha. Mwezi haukuisha, nilikuwa na wasichana kumi na mmoja kila Jumapili alasiri katika chumba cha shule ya chekechea, madawati tumeyasukumia ukutani, nondo za dirisha ndizo za kushikilia. Sisi wengi ni Wasabato na kwetu dansi haina jina zuri, kwa hiyo tuliita mazoezi ya viungo. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kukagua. Aliwakuta wasichana wamechuchumaa migongo imenyooka kama wanasali, hakuna muziki, mimi napiga makofi na kuhesabu. Akaondoka ameridhika.

Ule mchuchumao tuliuita choo cha stendi. Kila msichana aliyewahi kubanwa safarini anakijua choo cha stendi: unashuka, magoti nje, mgongo wima, hugusi ukuta, hugusi chochote, na hutazami chini. Sikuhitaji kueleza zaidi. Kusukuma mguu mbele sakafuni mpaka vidole vinyooke bila kuinuka, hiyo ilikuwa ndala chini ya kitanda, kwa sababu ndivyo mtu anavyoitafuta ndala asubuhi akiwa bado ameketi kitandani. Kupanda juu ya ncha za vidole ilikuwa kuchungulia kwa jirani. Kuinua mguu mmoja mpaka kidole kiguse goti la mguu wa pili ilikuwa mbu wa goti. Mikono iliyoviringwa juu ya kichwa ilikuwa mzigo wa miwa, na aliyetuletea huo ni msichana ambaye kwao ni Awendo, kwenye mashamba ya miwa. Na ile ya kusimama kwa mguu mmoja, mwingine umenyooka hewani nyuma, mikono mbele, ile ambayo watu huiona pichani wakadhani ndiyo baleti yote, tuliita mlango wa jikoni. Umebeba sinia la chai ya wageni kwa mikono miwili na mlango umebaki wazi nyuma yako. Utaufunga na nini?

Walicheka, lakini hawakusahau. Yule mtoto niliyemlea aliambiwa Kifaransa mwaka mzima na bado magoti yake yaliingia ndani. Mimi nilisema choo cha stendi mara moja tu. Niliona kwamba nimewapita waliobandika karatasi kwenye kioo, na nikaanza kutembea mtaani kama mtu mwenye siri nzuri.

Baadaye nikataka kuunganisha hatua, maana hatua moja moja ni mboga bila ugali. Nilihitaji hatua tano zifuatane, na wasichana wasivuruge mpangilio. Nikakumbuka Muhuru Bay. Nilikuwa nimefika huko mara moja maishani, kupeleka sare za mteja, nikakaa saa mbili kando ya ziwa, jua likiwaka kwelikweli, nikiwatazama wanawake wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu. Saa mbili tu. Mimi ni mtu wa nchi kavu. Omena naijua ikiwa ndani ya gorogoro, lile kopo la kupimia, sokoni. Lakini nilijiona nimeshuhudia ya kutosha, nikachukua maneno yao bila kuyaomba: mwaga, anika, geuza, fukuza, kusanya.

Mwaga ni kupiga hatua mbele na kupinda magoti, mikono ikishuka kama yenye beseni. Anika ni mikono kufunguka pande zote, mguu ukiteleza kando. Geuza ni kuzunguka mara moja. Fukuza ni kurusha mguu juu, maana ndege yangeyange hawaishi kuja kuiba. Kusanya ni kuruka, miguu ikutane hewani, utue nayo pamoja, mikono chini mbele yako. Uzuri wake, nilijisifu, ni kwamba hakuna awezaye kukosea. Nani akusanye kabla ya kuanika? Kichwa kikisahau, kazi yenyewe itakumbusha.

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwamo mmoja aliyezaliwa ndani ya kazi hiyo. Mama yake alikuwa mkausha omena Muhuru. Yeye aliishi Suna kwa shangazi yake ili asome, na likizo alirudi ziwani kumsaidia mama. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, miguu mirefu, mkimya kiasi cha kuudhi. Ukimwuliza jambo anakutazama kwanza, kama anayelitafuta jibu usoni mwako. Lakini alipoanza ile ya omena mara ya kwanza, nilisahau kupiga makofi. Wenzake walionyesha kumwaga. Yeye alimwaga. Mikono yake ilikuwa na uzito ndani, na ilipofunguka uzito ule ulienda mahali fulani, ukaenea. Nilikuwa sijaona kitu kama hicho hata kupitia kile kioo cha Nairobi.

Nilimpenda, na kwa sababu nilimpenda nilimkalia ngumu. Jumapili moja mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati na mimi nikawa napayuka ili nisikike. Nikahesabu moja, mbili. Wote wakaanza kwa kumwaga, na yeye akaanza kwa kukusanya. Aliruka, akatua miguu pamoja, mikono chini, akainua macho akatazama dari. Nilidhani ananichezea. Nikamwita mbele. Akafungua mdomo aseme jambo, nikamwambia anyamaze. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuzificha. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa siku chakula kimeungua.

“Omena mbichi haikusanywi,” nikamwambia mbele ya wenzake. “Hakuna siku. Hata nani akuambie, kataa.”

Nikamfanya airudie mara kumi peke yake, mwaga, anika, geuza, fukuza, kusanya, mvua ikipiga na wenzake wakimtazama. Aliirudia vizuri mara zote kumi. Hakulia. Tangu siku hiyo hakukosea tena, na mimi nikajipongeza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikasema moyoni, nikaenda kufunga madirisha.

Muda si mrefu mwalimu mmoja wa shule yake akanionyesha tangazo kwenye simu. Shule fulani ya densi ya Nairobi ilikuwa inakuja Homa Bay kutafuta mtoto mmoja kutoka kaunti za ziwa. Mtoto huyo wangemchukua, wampe malazi na wamsomeshe mpaka amalize sekondari, huku akifunzwa densi. Mmoja tu. Nililisoma tangazo mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni mwa kibanda, na mteja ananingoja.

Nilijua ni nani. Nilijua pia kwamba hapakuwa na njia nyingine. Shangazi yake alikuwa anahamia Kisii mwisho wa mwaka, na mama alikuwa ameshasema kwamba shangazi akihama, binti anarudi Muhuru, na shule itakuwa ile itakayopatikana, ikipatikana. Yaani halikuwa jambo la densi tu. Ama mtoto apate nafasi hii, ama masomo yake yaanze kwenda kombo pale pale. Nikampigia mama yake simu. Aliniuliza mawili: kama wasichana huko wanalala peke yao, na kama wanapikiwa samaki. Nikamjibu kwamba nitauliza. Akasema basi aende.

Kwa wiki tano tulifanya mazoezi kila siku baada ya shule, kwenye kibanda changu, katikati ya sare zilizoning'inia. Nilimshonea vazi la kubana kwa kitambaa cha fulana, jeusi. Kifaransa sikumfundisha. Nilikuwa nimesahau karibu chote, hilo ni kweli, lakini ningeweza kuuliza. Sikutaka kuuliza. Nilitaka apite kwa maneno yangu.

Homa Bay tulifika mapema. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja iliyo karibu na ziwa, sakafu imepigwa deki mpaka inateleza, viti vya wazazi na walimu vimepangwa nyuma, na juu ya kila kiti kikaratasi kinachosema tusizungumze. Mkuu wa wapimaji wa ile shule ya Nairobi alikuwa mama mmoja mrefu, miwani ameipandisha kichwani, chupa ya maji mkononi. Nilimwendea kabla hawajaanza. Nikamweleza kwamba mwanafunzi wangu anazijua hatua zote lakini kwa majina yetu, na kwamba ningeomba asihukumiwe kwa Kifaransa. Akauliza majina yapi. Nikamtajia mawili, na yule mama akacheka mpaka akashika meza. Kilikuwa kicheko kizuri, siwezi kudanganya. Akaniomba nimwandikie yote. Nikayaandika nyuma ya fomu, kila hatua na jina lake, na vijichoro pembeni. Akawasomea wenzake wawili, nao wakacheka, na mimi nikacheka. Akasema atamwita mtoto huyu hatua kwa maneno hayo hayo, ili mambo yawe sawa.

Nilifurahi. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi. Mtu aliyekuwa upande ule wa kioo alikuwa ameshika karatasi yangu.

Zamu ya binti ilipofika yule mama alitimiza ahadi. Alisema choo cha stendi, na binti akashuka kama anayezama kwenye maji yaliyotulia. Alisema ndala chini ya kitanda. Alisema mlango wa jikoni, na binti akainua mguu nyuma akaushikilia pale muda mrefu kiasi kwamba mpimaji mwenye ndevu, aliyekuwa akiandika tangu asubuhi, aliacha kuandika. Hakuna aliyecheka tena. Wakamwomba ile ya omena, nzima. Akaifanya. Mwanamke aliyekaa kiti cha mbele yangu akaguna “aah” ya chini kwa chini, kama mtu anayetua mzigo, na mimi nikaanza kumpangia sanduku la Nairobi kichwani.

Kisha yule mama akasema sasa anataka kuona mtoto anavyopokea mpangilio mpya. Hilo wanawafanyia wote. Wanachukua hatua unazozijua, wanazipangua, wanazipanga upya, waone kichwa chako kina kasi gani. Nilijua. Nilikuwa nimeona kupitia kioo kwa miaka sita, kila mwisho wa muhula, na sikulikumbuka hata siku moja katika zile wiki tano.

Akateremsha miwani, akasoma kwenye karatasi yangu: kusanya, fukuza, geuza, anika.

Binti alisimama. Akanitafuta nyuma ya ukumbi. Nilikuwa nimekatazwa kusema, kwa hiyo nikamkazia macho, nikimaanisha fanya. Sijui yeye alisoma nini. Yalikuwa macho yale yale ya siku ya mvua.

Akafanya mwaga, anika, geuza, fukuza, kusanya. Vizuri kabisa. Yule mama akatabasamu, akamweleza kwamba safari hii ni tofauti, akaurudia mpangilio wake polepole, akihesabu kwa vidole. Binti akamtazama usoni. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mimi nilikuwa nimeisikia mara chache mno, “Bado haijakauka.”

Ukumbi mzima ukacheka. Wazazi, walimu, mwenye ndevu. Binti hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, na alipoambiwa mara ya tatu, akaifanya tena kwa mpangilio wetu, toka mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Yule mama akaandika kitu kifupi. Akasema asante sana, ile asante ambayo kwa watu wa aina hiyo ni mlango unaofungwa.

Saa kumi wakatangaza jina la mtoto mwingine, kutoka upande wa Mbita. Sina neno na mtoto huyo. Nilimwendea yule mama. Alinisikiliza mwanzo, tena kwa heshima.

“Huyo msichana ako na kitu, na nimeumia,” akaniambia. “Lakini nikimpa maagizo hafuati. Siwezi kubishana na mtoto kila hatua.”

Nikamwambia mengi. Nilimwambia kwamba anakula omena bila kujua inavyofika kwenye sahani. Nilimwambia mtoto amekataa ujinga, na kwamba wao wenye vioo hawajawahi kuzoea mtoto wa yaya, wa mvuvi au wa muuza samaki kuwaambia ukweli. Nilisema kwa sauti, watu wakageuka, mtu wa hoteli akaja kusimama karibu yangu. Kila neno nililiamini. Yule mama alinirudishia karatasi yangu imekunjwa vizuri, akachukua chupa yake ya maji.

Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, amevaa sketi juu ya lile vazi, anatazama ziwa. Nilipofika akaniuliza jambo moja.

“Madam, nilikataa sawa?”

“Ulikataa sawa kabisa,” nikamjibu.

Tukanywa chai na mandazi hapo karibu na stendi, na mimi nikaendelea kumtukana yule mama mpaka vikombe vikapoa. Binti alikunywa chai yake na kusikiliza.

Wanasema hasira hasara, lakini mimi hasira yangu ilinifanyisha kazi. Nilirudi Suna nikaandika barua ya malalamiko, kurasa tatu, nikaipeleka kwa wazazi wa wale wasichana wengine na kwa mwalimu aliyenionyesha tangazo, wote wakatia sahihi. Niliandika kwamba mtoto wetu amedhulumiwa. Niliandika kwamba alipimwa kwa lugha yetu na mtu asiyeijua kazi yetu. Neno “yetu” nililitumia mara nyingi. Sahihi iliyobaki ilikuwa ya mama mzazi, na shule zilipofungwa nikaenda Muhuru kuifuata.

Nilimkuta kazini kando ya ziwa, mwanamke mpana, leso imefungwa juu ya sketi, omena imetandazwa mbele yake juu ya nyavu, nyeupe ikimetameta. Binti yake alikuwa upande wa pili, anageuza kwa mkono. Wote wawili walinisalimu bila kusimamisha kazi. Nikamweleza mama kwamba nimekuja na barua, na kwamba kabla hajatia sahihi ni haki yake asikie. Akasema nisome tu, masikio yake hayana shughuli. Nikaanza kusoma nimesimama jua likinipiga utosini. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili, pale pa dhuluma, jua likapotea.

Sikuangalia juu. Wao waliangalia. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka ziwani na baridi, na ufuko mzima ukainuka kwa pamoja. Wanawake walikimbia na mabeseni na magunia, hakuna anayemwita mwenzake, kila mmoja anajua pa kwenda. Mama akanitupia beseni.

“Nyar Suna, unasimama tu? Kusanya.”

“Lakini si bado mbichi?” nikamwambia.

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mzima asiyejua kunawa. Nyar Suna, binti wa Suna, ndivyo alivyoniita tangu nifike, na sasa nilisikia kwamba maana yake ni mgeni.

“Mvua hiyo inakuja,” akasema. “Siku ya mvua tunakusanya mbichi hivo hivo. Ikinyeshewa hapo chini ni chakula ya kuku.”

Nikapiga magoti mchangani, barua nimeibana kwapani, nikaanza kuzoa kwa viganja. Omena ilikuwa na maji bado, inateleza, inapenya katikati ya vidole. Binti alikuja kando yangu. Yeye alizoa mara mbili kwa kila moja yangu, miguu pamoja, mikono chini mbele yake, na kila baada ya beseni anainua macho kuangalia wingu limefika wapi.

Hapo ndipo nilipoyasikia tena yale mabati ya chekechea. Aliruka, akatua miguu pamoja, akatazama dari. Mvua ilikuwa inanyesha. Alifungua mdomo aniambie, nikamwambia anyamaze.

“Ulikuwa unajua?” nikamwuliza.

“Nilikuwa najua, Madam.”

“Sasa kule Homa Bay kwa nini hukufanya vile uliambiwa?”

Hakuacha kuzoa. Hakuwa na lawama sautini, na heri angekuwa nayo.

“Wewe ulisema hakuna siku. Ulisema hata nani aniambie.”

Matone ya kwanza yakaanguka. Tukaburuta magunia chini ya turubai, tukajibana humo watu watatu na harufu ya samaki, mvua ikipiga juu yetu kwa nguvu kisha ikipungua. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi ni fundi cherehani, ningepaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote. Niliazima maneno ya watu kwa saa mbili za jua, nikayafanya sheria, na nilipoonyeshwa na mwenye maneno kwamba yana upande wa pili nikamwadhibu mara kumi. Alikuwa ameyajua maisha yake yote. Akaniamini mimi. Hasira niliyokuja nayo Muhuru niliisikia ikinigeukia ndani ya lile turubai, na tangu siku hiyo haijatoka.

Mama yake alikamua ncha ya leso, akakumbuka.

“Sasa malizia hiyo barua yako. Ulisema ni nani alimharibia mtoto?”

Binti akageuka kunitazama, akilitafuta jibu usoni mwangu kama kawaida yake. Nikaitoa barua kwapani. Ilikuwa imelowa jasho na maji ya omena, lakini sahihi zote zilisomeka. Nikaikunja.

“Ni mimi,” nikasema.

Mama akachungulia nje, akasema mvua imekatika na jua lina saa tatu bado, tusikae. Tukatoka na magunia. Yangeyange walikuwa wameshatua kuokota zilizobaki mchangani, binti akawafukuza. Tukazishika nyavu pembe kwa pembe, tukazigeuza zikung'uke maji. Kisha tukaanika upya. Nilikuwa nimeshika pembe yangu ya wavu nilipogundua kwamba tumefuata mpangilio ule ule, kusanya, fukuza, geuza, anika, neno kwa neno, ambao yule mama wa Homa Bay alikuwa ameusoma kwenye karatasi yangu. Binti alikuwa ameshagundua. Alikuwa ameinama upande wa pili, anaitandaza omena nyembamba nyembamba, na hakuinua uso kunitazama.